Soja wa Filamu ya Koti

Juzi Brayo alikuja kwangu amenuna. Brayo ni kijana mwenye duka la filamu hapa Bungoma, yule anayewajazia watu flashi. Unamtajia filamu, na kabla hujamaliza kukohoa ameshakupa. Hakubisha hodi. Aliingia na simu mkononi, akaketi kwenye kigoda changu cha kupikia.

"Mama Video, wewe ulitudanganya."

"Kwenu salamu zimeisha?" nikamuuliza.

"Shikamoo. Ulitudanganya, bana. Nimeipata ile filamu ya Koti uliyokuwa ukitutafsiria. Safi kabisa, haina mikwaruzo. Nimefika nusu. Yule soja wa kulinda bohari si anaitwa Makokha? Hapa haitwi Makokha. Haitwi kitu. Anapigwa, anakufa, wao wanaendelea na mambo yao."

Nikamwambia aweke simu chini anisikilize. Na nyinyi wengine ambao mmekuwa mkinisumbua niandike habari za kazi yangu kabla sijazisahau, anzieni hapa. Nitaandika ninavyotaka. Mkitaka mambo yaliyopangwa moja, mbili, tatu, mtafuteni mwalimu.

Kazi yangu ilikuwa video. Banda letu lilikuwa Kitale, unaposhuka kuelekea Kipsongo: kuta za mabanzi, magunia meusi madirishani, viti vya mbao visivyo na mgongo ili mtu asilale, runinga moja yenye kisogo kirefu, na deki mbili za kuchezea kaseti, moja ya kufanya kazi na moja ya kutoa vipuri. Ilikuwa ile miaka ya elfu mbili, kabla ya kila mtu kutembea na sinema mfukoni. Filamu zilikuwa za Kiingereza, za Kihindi, za Kichina, na watu walitaka kuelewa. Kwa hiyo mimi nilisimama kando ya runinga na maiki, nikiwaeleza kwa Kiswahili nani anasema nini na kwa nini anampiga mwenzake. Wanawake katika kazi hiyo hatukuwa wengi. Mimi mwenyewe sikumjua mwingine.

Kiingereza changu ni cha shule ya msingi, sikifichi. Kihindi na Kichina sina kabisa. Nilichokuwa nafanya ni kuitazama filamu asubuhi peke yangu, kwanza bila sauti. Ukiitazama bila sauti utamjua mwongo ni nani. Halafu weka sauti, utaona hukukosea. Na maiki usiishike kama mhindi wa kuchoma. Bunduki ikilia, nyamaza, watu wamekuja kusikia bunduki. Mtu akilia, nyamaza zaidi. Vijana wanaotafsiri siku hizi wanatafsiri mpaka kikohozi.

Aliyenifundisha ni Mzee Swaleh, ami yake marehemu mume wangu, fundi wa redio aliyekuwa na kibanda nyuma ya msikiti. Banda la video lilikuwa lake kabla halijawa langu. Alikuwa mtu mpole mpaka uguse deki yake. Alinifundisha kusafisha kichwa cha deki kwa kipande cha shati kuukuu la pamba na spiriti kidogo, unafuta ukielekea upande mmoja, pole pole, umeshusha pumzi. "Ukifuta na hasira," alikuwa akisema, "umenunua deki nyingine." Mimi nina hasira tangu kuzaliwa, kwa hiyo alikuwa ananiambia nikanywe maji kwanza ndipo nifute.

Siku moja mvua iliingia kwa paa ikalowesha kaseti ya Kichina. Mzee hayupo. Nikaona niianike juu ya jiko. Kaseti ikajikunja ndani, na nilipoiweka, watu wote kwenye filamu wakawa wanatembea wamelalia upande. Nilikuwa naona aibu ya kufa. Watazamaji wakasema hiyo ndiyo filamu bora ya mwaka, ati walevi wanaopigana hivyo hawajawahi kuonekana. Wakaiomba tena wiki iliyofuata. Mzee Swaleh aliporudi aliitazama kidogo, akazima, akaniambia, "Mungu anakupenda, lakini usimzoee."

Lakini kubwa alilonifundisha ni maoni. Filamu ikiisha, hakufungua mlango. Aliwasha taa, akasimama mbele, akasema, "Haya, maoni." Watu watatu lazima wasimame mmoja mmoja waseme walichokiona, ndipo mlango ufunguliwe. Nilimuuliza kwa nini tunawachelewesha watu na wengine wako nje wanasubiri kuingia. Akasema mtu akitoka na filamu ikiwa bado moto kichwani atampiga wa kwanza atakayekutana naye. Apoe kwanza. Na alikuwa na masharti yake. Huruhusiwi kusema "ni nzuri" ukakaa. "Nzuri ni ya chai," anakuambia, "wewe umeona nini?" Na maoni yakianza yanasikizwa mpaka mwisho, hata yakiwa ya kipumbavu. Hasa yakiwa ya kipumbavu. Hukatizi mtu nusu.

Nyinyi siku hizi kwenye simu mnaweka kidole gumba, mnaweka moto, mnaweka kile kikatuni kinacholia kwa kicheko, mmemaliza. Mzee Swaleh angewarudisha wote mkae.

Sasa filamu ya Koti. Ilikuwa ya zamani hata wakati ule, ya miaka ya themanini, ya polisi na majambazi. Jina lake la Kiingereza lilikuwa refu na hakuna aliyelishughulikia. Tuliiita Koti kwa sababu mpelelezi alivaa koti refu mwanzo hadi mwisho, hata ndani ya nyumba, hata akila. Mji wenyewe ni mchafu, mvua haikatiki, kila mtu anavuta sigara. Inaanza na bohari kubwa. Soja amekaa mlangoni na chupa yake ya chai. Majambazi wanapanda juu, wanatoboa paa, wanashuka kwa kamba. Soja anasikia kitu, anaingia kuangalia, wanampiga risasi. Baada ya hapo filamu nzima ni Koti kutafuta mzigo ulioibwa. Mwishowe anaupata, anamuua mkubwa wa majambazi ambaye kumbe walisoma pamoja, halafu anaondoka kwa miguu kwenye mvua na hana furaha yoyote.

Siku ya kwanza watu hawakuipenda. Walizoea mshindi acheke. Lakini maoni yake, jamani, hakuna filamu iliyotoa maoni kama ile. Mkulima mmoja wa mahindi alisimama akasema, "Mvua yote hiyo, na hakuna hata mtu mmoja amepanda." Fundi wa nguo akasema kifungo cha tatu cha lile koti kinatoka na kurudi, na katikati hatujaona mtu ameshika sindano. Mtu mmoja wa Webuye, aliyewahi kufanya kazi kwenye kiwanda cha karatasi, akasema yale makatoni ya bohari ni matupu, tazameni yanavyoanguka. Muuza nyama akaikataa damu, ati si ya kweli. Ikabidi tuirudie wiki iliyofuata ili watu wahakikishe kifungo. Halafu wiki nyingine. Mwisho ikawa Jumamosi saa nane mchana ni ya Koti, kama ibada.

Na saa nane mchana ilikuwa saa ya masoja. Wale wanaolinda maduka wanatoka kazini alfajiri, wanalala kidogo, mchana wanatafuta mahali pa kukaa kabla ya kurudi. Walikaa viti vya nyuma na makoti yao na rungu zao, wengine wakisinzia na macho wazi. Mmoja wao alikuwa Makokha.

Makokha alikuwa mtu wa kwao Lugulu, mrefu, mwenye sauti ya chini. Alilinda duka la vifaa vya ujenzi pale mjini. Mke na watoto walikuwa nyumbani, yeye Kitale amepanga chumba. Alikuwa na koti zito la kijani lililomfika magotini, na nadhani alianza kuipenda ile filamu kwa sababu ya koti. Kila Jumamosi, nikisema "Haya, maoni," Makokha alisimama. Na kila Jumamosi alisema jambo lile lile.

"Mimi maoni yangu," anasema, "kosa si ya soja. Soja amekaa kwa mrango, mwizi amepitia juu. Kosa ni ya mabati. Mabati ya nyuma haina misumari. Hata kwetu kwa duka iko hivyo. Nimeambia mdosi. Mdosi amesema ngoja."

Halafu anakaa. Ilikuwa kweli, tulikuwa tunaliona lile duka: huyo mdosi, mwenye duka, anauza mabati na misumari ya kila aina, na paa lake la nyuma limeshikiliwa na mawe. Mwanzoni watu walisikiliza. Baadaye wakaanza kuguna akisimama. Baadaye wakawa wanamsaidia kumaliza, banda zima kwa sauti moja: "Mdosi amesema ngoja!" Ikawa msemo Kipsongo nzima. Ukiomba chumvi kwa jirani na hataki kukupa, anakuambia mdosi amesema ngoja. Makokha hakukasirika. Alitabasamu kidogo, na Jumamosi inayofuata akasimama tena. Kuna vijana walioniomba nimnyime nafasi, ati anachosha. Nikawaambia banda hili lina sheria, na asiyeitaka aende akatazame ukuta.

Ikaja wiki moja ya mvua kubwa. Mvua ya Kitale mnaijua. Ikipiga mabati hujisikii hata mwenyewe ukiongea. Jumamosi asubuhi mwenye duka akafungua, akakuta ndani peupe: pampu za maji hakuna, kufuli hakuna, rangi hakuna. Makokha alikuwa mlangoni, amelowa chapachapa, alipokaa tangu jioni. Akaingia mbio nyuma ya mdosi wake, na kabla mtu yeyote hajainua macho akasema, "Ni mabati ya nyuma."

Ndiyo hiyo iliyomponza. Alijuaje? Mdosi akamshika shati papo hapo. Watu wakajaa. Vijana wa stendi wakaanza kuokota mawe, na mnajua mambo hayo yanavyoishia, sitayaeleza. Bahati askari wa chifu walikuwa karibu, wakamchukua wakaenda naye kambini kwa chifu, na naamini walimwokoa.

Kufika mchana habari ilikuwa imeshapanuka. Ati Makokha amejifunza wizi kwa Mama Video. Ati kila Jumamosi anaenda kusomea jinsi ya kushuka kwa paa. Chifu akatuma mtu: banda lifungwe mpaka kesi isikizwe kwenye baraza Jumatatu asubuhi, na Makokha baada ya hapo apelekwe kituo cha polisi.

Jioni mwenye duka akaja kwangu mwenyewe. Hakuwa mtu mbaya, siwezi kumsingizia. Alikuwa amepoteza mali na alitaka mtu wa kumshika. Akaongea taratibu.

"Mama, wewe ni mfanyabiashara kama mimi. Huyu mtu kila wiki alikuwa anaongea habari ya mabati ya nyuma. Ni kweli ama si kweli?"

"Ni kweli."

"Basi Jumatatu sema hivyo tu. Mimi nitamwambia chifu video haina makosa, makosa ni ya mtu. Utafungua siku hiyo hiyo."

Mimi ni mjane. Watoto wangu walikula, wakavaa, wakasoma kutoka kwa lile banda. Sitawaambia sikufikiria. Nilifikiria. Lakini kadiri nilivyofikiria ndivyo hasira ilivyopanda, maana huyu bwana alikuwa ananiomba nitoe maoni ya mtu nusu. Nusu ile ya kumfunga. Ile nyingine, ya mdosi kusema ngoja, anataka niimeze.

"Nitasema," nikamwambia. "Lakini nitasema yote."

"Yote ni mengi, Mama. Chifu hana wakati."

"Basi alete kiti."

Jumapili nilizunguka Kipsongo na mjini, mlango kwa mlango, nikitafuta watazamaji wangu. Wengi hawakutaka. Masoja waliogopa zaidi. Mmoja aliniambia waziwazi, "Mama, mdosi wangu akiniona nimesimama na Makokha, kesho mimi pia nitaitwa mwizi." Fundi wa nguo akasema ana suruali za harusi za kumaliza. Muuza nyama akasema Jumatatu anachinja. Nilikuwa nimechoka, viatu vimejaa matope, na nikakasirika vizuri.

"Sikilizeni," nikawaambia. "Sijawaomba mje kumtetea. Kila Jumamosi mlikuwa mnamcheka. Kesho njooni mmcheke. Hiyo tu."

Jumatatu niliamka mapema nikaenda kambi ya chifu peke yangu. Nikaketi kwenye benchi ya mbele. Makokha alikuwa amekaa chini kando ya askari, bila koti lake, na bila lile koti alionekana mdogo. Jicho moja lilikuwa limevimba. Hakunitazama. Nikageuka nyuma, sikuona mtu wangu hata mmoja. Wakaanza kuingia mmoja mmoja, wakijifanya wamepita tu. Muuza nyama bado ana aproni. Mtu wa Webuye. Mkulima wa mvua. Fundi wa nguo na futi yake shingoni. Mwisho kabisa masoja, wakasimama nyuma karibu na ua, makofia yameshuka machoni.

Mwenye duka akaeleza shida yake vizuri. Halafu akamwita shahidi, kijana wa dukani kwake, karani wa kuuza misumari, ambaye naye Jumamosi alikuwa mteja wangu. Kijana akasema kweli, amemsikia Makokha kwa video akisema mabati ya nyuma haina misumari na mwizi anaweza kupitia juu.

"Umesikia mwenyewe?" chifu akauliza.

"Nimesikia. Kila Jumamosi."

Watu wakaguna. Chifu akaandika kitu. Akamuuliza Makokha kama ana la kusema. Makokha alifungua mdomo, ukakataa. Mtu aliyekuwa anasimama kila wiki bila kuombwa, siku ile ulimi umemkauka.

Nikasimama bila kuitwa. Chifu akaniambia zamu yangu bado. Nikamwambia, "Mheshimiwa, mimi sitaki zamu. Kwangu maoni yanasikizwa mpaka mwisho, na haya yamekatwa nusu. Nakuomba umruhusu huyu mtu aseme anavyosema kila Jumamosi. Kama ni wizi, utausikia."

Chifu alikuwa mzee wa kanisa, na filamu zangu hakuzipenda hata kidogo. Lakini akafunga kalamu. "Aseme."

Nikageuka, nikasimama pale nilivyokuwa nasimama kando ya runinga, nikatoa sauti yangu ya kazi. "Haya, maoni. Makokha, simama."

Akasimama. Nadhani ni miguu iliyosimama, yeye mwenyewe bado alikuwa chini.

"Mimi maoni yangu," akasema, "kosa si ya soja. Soja amekaa kwa mrango..."

Sauti ikakwama hapo. Nikaona askari anataka kumketisha. Halafu kutoka nyuma, kule kwa masoja, mtu akasema taratibu, "Mwizi amepitia juu."

Muuza nyama akaendelea, "Kosa ni ya mabati."

Na wote, mbele na nyuma, kama walivyozoea: "Mabati ya nyuma haina misumari. Hata kwetu kwa duka iko hivyo. Nimeambia mdosi."

Na mwisho ule waliusema kwa nguvu mpaka kuku wa chifu wakakimbia: "Mdosi amesema ngoja!"

Yule karani wa misumari, shahidi wa mwenye duka, naye alisema. Ilimtoka kwa mazoea, mkono juu kabisa, halafu akajiziba mdomo. Watu wakacheka mpaka chifu akagonga meza, na yeye mwenyewe alikuwa anauma midomo.

Akasubiri watulie. Akamgeukia mwenye duka. "Huyu alikuambia habari ya paa?"

Mwenye duka alitazama viatu vyake. "Aliniambia. Lakini, mheshimiwa, biashara ilikuwa..."

"Aliambia wewe, na akaambia Kitale nzima kila Jumamosi." Chifu akainuka. "Mwizi gani anatangaza mlango wake? Enda upigilie misumari. Huyu aende nyumbani akalale."

Waliochukua zile pampu hawakujulikana mpaka leo. Makokha hakurudi pale dukani ingawa aliitwa. Alipata kazi ya kulinda shule, malipo madogo zaidi, lakini paa la simenti. Na mimi nilifungua banda siku ile ile.

Jumamosi banda lilijaa mpaka watu wakakaa chini. Hawakuja kwa ajili ya Koti. Walikuja kusema mdosi amesema ngoja, mbele ya Makokha mwenyewe, kwa furaha. Filamu ikaisha, nikawasha taa. Makokha akasimama, koti lake limerudi. Watu wakavuta pumzi tayari.

"Mimi maoni yangu," akasema. "Huyu soja anaitwa nani?"

Hakuna aliyelijua jina. Tulikuwa tumeitazama ile filamu mpaka tunajua kifungo kinatoka wapi.

"Mimi nimefikiria nikiwa kule kwa chifu," akasema. "Huyu mtu amekufa mwanzo. Halafu Koti anakimbia filamu yote, anatafuta mzigo. Mzigo, mzigo, mzigo. Hakuna mtu ameenda kuambia bibi yake. Ule mama anangoja. Chakula imepoa. Hata sasa anangoja. Ni hayo tu."

Akakaa. Wale masoja wa nyuma wakavua kofia. Nilitakiwa kuita mtu wa pili na wa tatu kama kawaida. Sikuita. Nilifungua mlango.

Wiki nzima iliyofuata nilikuwa naitazama Koti asubuhi bila sauti. Katikati ya filamu kuna mahali Koti anaendesha gari kwenye mvua, muda mrefu, hasemi neno, viwaipa vya kioo vinakwenda na kurudi. Siku zote nilikuwa napaacha hivyo hivyo, au nakunywa maji. Jumamosi soja alipotokea na chupa yake ya chai, nikasema kwa maiki, "Huyu ni Makokha, mtu wa Lugulu, analinda bohari." Na Koti alipoingia garini, nikasema, "Sasa anaenda kwa mke wa Makokha, amwambie yeye mwenyewe, asije akasikia sokoni." Sikumtazama mtu. Maoni yalipofika, Makokha hakusimama. Alikaa tu na koti lake mapajani, akaashiria mwingine aseme.

Tangu siku hiyo sikuitafsiri tena vingine, si Kitale, si nilipohamia hapa Bungoma, mpaka deki ya mwisho ikafa na nikaacha kazi. Kuna msomi mmoja aliwahi kuniambia ninaharibu kazi ya watu, ati mtafsiri haongezi. Nikamwambia mimi sikuongeza, wao ndio walisahau. Na nitasema hivyo hivyo nikiulizwa kesho. Makokha alishafariki, Mungu amrehemu. Nilikwenda kwao Lugulu kumpa mkewe pole, na yule mama alinishika mkono akaniuliza kama ni kweli kuna filamu ya wazungu ambayo soja wake ana jina la mumewe. Nikasema ni kweli. Nami sikudanganya.

Haya yote nilimweleza Brayo pale kwenye kigoda. Alichukua simu yake akaondoka. Jana akarudi, na safari hii alibisha hodi.

"Nimeimaliza," akasema. "Lakini Mama, pale Koti anaenda kwa bibi ya Makokha, hapa yuko kwa gari tu. Mvua. Anaendesha, anaendesha, halafu inaruka kwingine."

"Lete. Zima sauti kwanza."

Akazima sauti, akanishikia simu. Nikavaa miwani. Gari lile lile, viwaipa vile vile. Maiki sina, na sauti yangu ya kazi imebaki kidogo, lakini niliitoa.

"Huyu ni Koti. Anaenda kwa mke wa Makokha. Njia ni mbaya kwa sababu ya mvua, lakini anaenda."

Brayo alitazama mpaka gari likapotea. Hakuinua macho.

"Sasa mbona hawaonyeshi akifika?" akauliza.

"Hayo ndiyo maoni," nikamwambia. "Simama uyaseme."